Soda ya krimu: usimtumie mteja ikiwa imeshachanganywa

Wajasiriamali wenzangu, kutengeneza soda ya krimu ni rahisi. Kazi iko kwenye kuifikisha. Gesi ikishatoka, mteja anakunywa maji ya sukari, na hapo umempoteza.

Mimi nachemsha sukari kikombe 1 na maji kikombe 1 mpaka iyeyuke, naipua, natia vanila, naacha ipoe. Hiyo ndiyo shira. Kwenye glasi kubwa weka barafu, shira vijiko vikubwa 3, maji ya soda ya baridi kabisa mls 200, mwisho krimu vijiko 2, taratibu kwa juu. Usikoroge! Mteja akoroge mwenyewe akishapiga picha (tangazo la bure hilo).

Wengi mnaniuliza mbona maziwa yanakatika. Ni ile asidi. Maji ya soda yenyewe yanayo kidogo, sasa ukiongeza pasheni au ndimu, vipande vinaelea. Krimu nzito yenye mafuta mengi inavumilia kuliko maziwa ya kawaida. Mimi naona anza na vanila au karameli; pasheni iuze bila krimu.

Oda ya boda natuma hivi: chupa ya maji ya soda haijafunguliwa, shira kwenye kikopo chenye mfuniko, krimu kwenye kingine kilichozungukwa na barafu. Na kwenye bei, hesabu vikopo, mirija na barafu. Faida huwa inaliwa hapo.