Daftari la Wadudu wa Mvua Ndefu

Ulaya, wadudu huamka baridi kali inapokwisha. Elburgon, nchini Kenya, wao hungoja mvua. Ikishaanza, kati ya Machi na Aprili, mashamba ya viazi, mahindi na njegere yanayopakana na Msitu wa Mau hupata wageni ambao majuma machache nyuma hawakuwapo: vipepeo kwenye maua ya pareto, sota wanaokata miche usiku, vidukari waliojibana chini ya majani. Mkulima huwaona wote. Anachokosa kufanya ni kuandika tarehe, na tarehe ndiyo mtafiti anayoitafuta.

Kazi ya tarehe hiyo inaonekana vizuri kwa viwavijeshi wa Afrika, ambao si wale viwavijeshi wenye asili ya Amerika waliothibitishwa kuingia Kenya mwaka 2017. Nondo wao husafiri na pepo za mvua, wakataga mayai kwenye nyasi na nafaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, Tanzania, wakulima walikabidhiwa mtego na kipimo cha mvua. Ndani ya mtego huwekwa chambo chenye harufu ya nondo jike. Dume akiifuata, hatoki. Mkulima anahesabu madume waliokamatwa, anasoma kipimo cha mvua, anaandika yote mawili. Nondo wakiwa wengi na mvua ikawa imenyesha, kijiji kinaonywa mapema.

Siku chache za onyo hilo ni mali. Kiwavi mchanga ni mdogo, wa kijani, na amejificha kati ya majani. Wakulima wengi hugutuka akishageuka mweusi na kutembea kwa makundi, shamba likiwa limeshaliwa. Utaratibu huo wa Kilosa ulifika Kenya pia. Kilichouwezesha ni watu wa kijijini waliokubali kuhesabu nondo bila kuruka siku, hata siku ambayo mtego ulikuwa mtupu.

Nzige wa jangwani walipovuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, simu ndiyo iliyoshika nafasi ya daftari. Shirika la FAO na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State walitoa programu ya eLocust3m mwaka 2020. Aliyeona kundi alipiga picha, simu ikanakili mahali na saa, na taarifa ikawafikia waliopanga pa kunyunyizia dawa.

Elburgon ina sababu yake ya kujitokeza kwenye ramani ya rekodi hizo. Mji huu wa mbao na reli uko juu sana, zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali jiji la Nakuru liko kama meta 1,850. Joto linavyoongezeka, wadudu wa nyanda za chini wanatarajiwa kupanda mlima, na wale waliozoea baridi ya Mau watabaki na mahali padogo pa kuishi. Atakayelitambua badiliko hilo mapema ni mkazi, akikutana na mdudu ambaye hakuwahi kumwona shambani mwake. Asipoandika, ushahidi huo unapotea.

Rekodi za namna hiyo zikikusanywa, hufumbua mambo makubwa. Yuko kipepeo wa rangi ya machungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anayeonekana pia nyanda za juu za Kenya. Wanasayansi humwita Vanessa cardui. Mwaka 2009 alifurika Uingereza kwa mamilioni, na kwa miaka mingi haikujulikana anakwenda wapi vuli ikifika. Baadaye watafiti waliunganisha maelfu ya taarifa za watu wa kawaida na picha za rada, wakagundua kwamba kizazi cha mwisho hurudi kusini kikiruka juu sana, mbali na macho ya watu. Safari nzima, kutoka Afrika hadi karibu na Aktiki na kurudi, ni kilomita kama 14,000, nayo hukamilishwa na vizazi kadhaa vinavyopokezana.

Kuanza kurekodi hakuna gharama kubwa. Programu ya iNaturalist, iliyoanzishwa California mwaka 2008, ni ya bure, na picha iliyopigwa pasipo na mtandao inaweza kupandishwa baadaye. Picha moja ya mgongo wa mdudu mara nyingi haitoshi. Ipigwe ya ubavuni, ya uso, na ya mmea aliotua juu yake, kwani mmea peke yake unaweza kupunguza makisio. Watumiaji wengine hupendekeza jina, na wakikubaliana vya kutosha rekodi huingia GBIF, hazina ya kimataifa ya takwimu za viumbe yenye makao Copenhagen.

Kuna mdudu mmoja wa kupigwa picha bila kuguswa. Yule mwembamba mweusi na mwekundu anayezagaa kwenye taa msimu wa mvua, maarufu kama Nairobi flai, kwa kweli ni jamii ya mbawakawa. Haumi wala hadungi. Akipondwa juu ya ngozi, maji yake huunguza na kuacha malengelenge, kwa hiyo apeperushwe kwa pumzi au kwa karatasi, kisha ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Saa na taa aliyoizunguka viandikwe pia.