Tuwakumbuke Walinzi wa Rungwa

Kila tarehe 25 Julai Taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Penye mnara huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na shada la maua, na viongozi wa dini huwaombea marehemu. Siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, huja kumbukumbu nyingine. Tangu mwaka 2007 siku hiyo huadhimishwa duniani kwa ajili ya askari wa wanyamapori, wakiwamo waliofia kazini. Kwetu Visiwani ni wachache waijuao, nasi tunaona wakati umefika ijulikane.

Wananchi wa Unguja na Pemba hawana haja ya kufundishwa uchungu wa kumpoteza askari. Tarehe 7 Desemba 2017, wanajeshi wetu wasiopungua 14, waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliuawa kambini Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Wana wa Visiwani walikuwa miongoni mwao. Taifa liliwapokea kwa heshima zote, na hivyo ndivyo ilivyopasa. Lakini wako askari wenzetu wengine ambao hufia porini, na majeneza yao hayapiti mjini.

Hao ndio walinzi wa mapori kama Rungwa, mkoani Singida. Pori hilo la akiba lilianzishwa mwaka 1951, na eneo lake, kilomita za mraba 9,000 hivi, ni zaidi ya mara tano ya kisiwa cha Unguja. Askari hulizungukia kwa miguu, ndani ya miombo na vichaka vyenye mbung'o. Wakati wa mvua mito hufurika na njia hufungika. Akiumwa na nyoka, akijeruhiwa na nyati au akipigwa risasi na jangili, hospitali iko mbali. Januari 2016, huko Maswa, majangili waliifyatulia risasi helikopta ya doria na kumwua rubani wake Mwingereza, Roger Gower. Jina lake lilitangazwa duniani kote. Askari wa miguu aangukaye kichakani hujulikana kwa mjane wake, kwa watoto wake na kwa wenziwe wa doria.

Yuko atakayeuliza: Rungwa na Visiwani, wapi na wapi? Jibu la kwanza ni maji. Mto Kizigo hutiririka kutoka mapori hayo hadi bwawa la Mtera, ambalo maji yake huzalisha umeme. Na Unguja hupata umeme wa Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980.

Jibu la pili ni chungu zaidi. Agosti 2011 pembe za ndovu 1,041 zilikamatwa katika bandari ya Zanzibar, zimefichwa ndani ya shehena ya dagaa. Novemba 2013 shehena nyingine ya karibu tani tatu ilikutwa bandarini humo humo, imefunikwa kwa makombe ya pwani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa na Samuel Wasser na wenzake mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuanzia mwaka 2011 chimbuko la pembe za magendo lilikuwa likisogea kuelekea Ruaha na Rungwa. Katika eneo hilo, sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo 31,600 hivi. Ya mwaka 2013 ilikuta 20,000 hivi.

Ni dhahiri basi kwamba risasi impigayo askari wa Rungwa hailipiwi Rungwa. Hulipiwa na mnunuzi wa ng'ambo, na dalali wa mjini, na mtumishi yeyote anayefumba macho kontena linapopita. Mwenye kupokea bahasha ili asifungue mzigo huo ameshiriki kumlenga mlinzi ambaye hajapata kumwona.

Kuwaenzi askari si kufunika makosa. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilisitishwa baada ya raia kuteswa na kuuawa, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Askari mwadilifu ndiye wa kwanza kuumizwa na aibu kama hiyo, kwa kuwa wanakijiji wakimwogopa hawatampa habari za jangili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, majina ya askari wa wanyamapori waliofia kazini yasomwe hadharani kila tarehe 31 Julai, Bara na Visiwani. Pili, haki za wajane na mayatima wao zilipwe bila kuwazungusha maofisini. Tatu, kila mtumishi wa bandari na forodha aihesabu kazi yake kuwa sehemu ya doria ya Rungwa. Shada la maua hunyauka kwa siku chache. Kontena lililofunguliwa kwa wakati wake huokoa roho ya askari aliye hai.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awalinde walioko porini usiku huu.