Tangazo la Jiji nalo lina bei yake sokoni

Mwenye mtaji mdogo anayetafuta fremu au kizimba jijini Dar es Salaam huuliza kodi ya mwezi, kilemba na wingi wa wateja. Ni wachache wanaouliza eneo hilo liko chini ya ofisi ipi, na ofisi hiyo hubandika wapi matangazo yake.

Oktoba 2021 ilionyesha gharama ya kutouliza. Baada ya agizo la Rais la mwezi uliotangulia, wamachinga waliondolewa kando ya barabara na juu ya mitaro na kuelekezwa maeneo yaliyopangwa. Tarehe ya mwisho ilitangazwa, kisha ikasogezwa. Kwa mwanasiasa huko ni kuongeza muda tu. Kwa mfanyabiashara tarehe hiyo ndiyo bei yenyewe, kwani kibanda kilichobakiza wiki mbili hakilingani na chenye mwaka mzima mbele yake, hata kama mbao na mabati ni yale yale.

Tatizo jingine ni jina. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 zikaanza manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, pamoja na Halmashauri mpya ya Jiji. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri hiyo nayo ikavunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kwa hiyo tangazo la "Jiji" hivi sasa linamhusu mwenye duka wa Buguruni. Wa Manzese yuko Ubungo, na wa Tandika asubiri neno la Temeke. Wako wanaolipia leseni miaka nenda rudi bila kuijua tofauti hiyo.

Kariakoo mambo yamechanganyika zaidi. Mitaa iko chini ya Jiji, lakini soko kuu lina shirika lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na mkuu wa mkoa naye hutoa maagizo yake. Soko hilo liliungua Julai 2021. Julai 2024 yalipotangazwa majina ya wanaorejea baada ya ukarabati, baadhi ya wafanyabiashara ambao hawakuyaona majina yao waliandamana. Orodha ile ilikuwa mali: jina likiwemo una kizimba, lisipokuwemo una mzigo usio na pa kuuweka.

Lakini habari hazifichwi zote. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi, na sheria ndogo za ushuru huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Shida ni kwamba baraza hukaa saa za kazi, na muuza nyanya hawezi kufunga meza akasikilize kamati ya fedha. Yeye hungoja gari la kipaza sauti, ambalo likishapita hakuna tena la kujadili, ni kutekeleza tu.

Ofisi ya serikali ya mtaa ina ubao wa matangazo, na kuusoma hakulipiwi. Muuzaji wa kibanda anayetaka fedha taslimu kabla ya Jumatatu huenda ameshausoma.