Murenik na Lori Lililokwama

Chepilat ni soko la mpakani. Upande mmoja ni Sotik, kwa Wakipsigis. Upande wa pili ni Borabu, kwa Abagusii. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha penye ndizi, viazi na mbuzi. Kwa hivyo tafsiri mbovu huko haiishii kwenye alama za mtihani.

Siku moja ya mvua lori lilikwama matopeni hapo. Mama mmoja wa Kikipsigis akapaza sauti kuita murenik. Akina mama wa Kigusii walipouliza anasema nini, mwalimu kijana niliyefuatana naye alijibu bila kusita: "Anawaita wapiganaji." Mara vikapu vikaanza kufungwa. Waliotokea ni vijana saba wenye majembe, wakalisukuma lori.

Kamusi ingemtetea mwalimu. Muren ni mwanamume aliyekwisha kutahiriwa. Si mvulana tena, wala hajawa mzee. Zamani rika hilo ndilo lililolinda ng'ombe na kwenda vitani, basi maana ya kijeshi imo. Lakini neno hilohilo huwaita pia wanaume waje kuezeka nyumba. Sisi hatuna neno moja libebalo yote mawili. "Morani", tulilolipata kwa Wamaasai, linakaribia, ila masikioni mwa wengi limekwisha kushika mkuki.

Maneno ya kijeshi aghalabu huhama. Askari wa Kiarabu ni mwanajeshi. Kwetu hata mlinzi wa usiku wa kiwanda cha chai ni askari. Waganda walichukua "serikali" wakapata omuserikale, yaani askari (jambo ambalo wanasiasa wangelitafakari). Kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita vya 1914-1918, Carrier Corps, kilituachia Kariakoo, na leo tunanunua nyanya humo. Murenik halijapewa nafasi ya kupoa hivyo. Katika machafuko ya 1991 hadi 1993 magazeti ya Kiingereza yaliwaandika washambulizi wa Kikalenjin kwa neno lenye maana ya shujaa wa vita, na mwanzoni mwa 2008 damu ilimwagika tena mpakani hapa. Siwezi kumcheka mama aliyefunga kikapu.

Nilimuuliza mwalimu angesemaje upya. Akafikiri. "Anawaita wanaume wamsaidie." Nikamwomba akawaambie hivyo akina mama wale. Alikwenda mbio, lakini wawili walikuwa wamekwisha kupanda matatu.