Mwanga ukivuja pembeni mwa kioo cha simu, tazama betri kwanza

NI saa mbili usiku, umeme umekatika, na katika nyumba moja ya Dunda, Bagamoyo, watoto wamejazana kwenye simu ya mama yao wakiangalia katuni. Gizani ndipo inapoonekana: ukingoni mwa kioo, upande wa chini, kuna weupe wa mwanga ambao wiki iliyopita haukuwapo. Mtoto mkubwa anabonyeza kwa kidole gumba, weupe unapungua. Akiachia, unarudi.

Kubonyeza huko ndiko kwa kukatazwa mapema.

Katika simu nyingi za bei nafuu, kioo hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna vitaa vidogo na karatasi za plastiki zinazousambaza mwanga. Fremu ikipinda, au kioo kikinyanyuka kidogo, mwanga hupenya pembeni. Macho hayadhuriki kwa hilo. Mara nyingi chanzo ni simu kukaliwa ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali, au kioo kilichobadilishwa na kubandikwa vibaya. Weupe mdogo uliokuwapo tangu simu ikiwa mpya, usioongezeka, uache tu. Kuifungua simu kwa ajili yake ni kutafuta ugonjwa mwingine.

Wa kuogopwa ni mwanga ulioanza karibuni na unaopanuka. Betri ya lithiamu ikichoka hutengeneza gesi ndani ya mfuko wake, ikavimba na kukisukuma kioo kutoka nyuma. Joto huharakisha. Baadhi ya watengenezaji huweka nyuzi joto 35 kuwa kikomo cha kutumia simu, na mchana wa Januari ndani ya gari lililoegeshwa juani, iwe Mapinga au Kerege, kiwango hicho hupitwa haraka.

Kuipima ni rahisi. Ilaze simu chali juu ya meza iliyo sawa, kisha izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, au mfuniko wa nyuma umeachana na fremu, chukulia kwamba betri imevimba.

Izime. Usiichaji tena, hata kwa dakika tano za kumpigia fundi. Iweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro, mapazia na watoto. Mfuko wa betri hiyo ukitobolewa kwa kisu au pini unaweza kuwaka moto papo hapo, na moshi wake ni sumu.

Kwa fundi, anza kuulizia betri, si kioo. Hapa ndipo familia nyingi huumia mara mbili: kioo kipya, ambacho kwa kawaida ni ghali kuliko betri, kinabandikwa juu ya betri ileile iliyovimba, na baada ya muda mwanga unarudi palepale. Betri ikibadilishwa, mara nyingi kioo hukaa mahali pake na weupe hutoweka. Ukibaki, huenda fremu imepinda au kioo kilibandikwa vibaya, na hapo sasa kuna sababu ya kufikiria kioo. Fundi anayetaka kukikandamiza kwa gundi na vibanio bila kufungua ndani, mshukuru na uondoke na simu yako.

Betri ya zamani isirudi nyumbani. Taka nyingi za majumbani huchomwa jioni nyuma ya nyumba, na watoto hupenda kusogea karibu na moto huo. Muulize fundi anazipeleka wapi zilizovimba kabla hujamwachia.