Kalamu za Mbao (2): Kipande Kikavu, Tundu Lililonyooka

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza viungo vya kalamu ya mkono: mirija miwili ya shaba ya njano, ncha, kishikizo cha mfukoni, na mbao inayoivika mirija hiyo. Sehemu hii inahusu kazi inayotangulia mashine ya kukerezea, yaani kuchagua kipande cha mbao na kukitoboa. Fundi anayeanza huipitia kazi hii haraka ili afike kwenye kukereza, ambako maranda yanaruka na umbo linaanza kuonekana. Lakini kalamu nyingi zinazopasuka mikononi mwa wanunuzi zilikwisha kuharibika kabla hazijafungwa kwenye mashine.

Kwa kazi hii Nzuguni ina faida moja na hatari moja. Faida ni mabaki ya mbao. Kata hii ya mashariki mwa Jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu ya Morogoro, ndiko iliko stendi kuu ya mabasi, Soko Kuu la Job Ndugai na viwanja vya maonyesho ya Nanenane. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoamua kwa dhati kuhamia Dodoma, ujenzi haujapoa. Panapojengwa nyumba patachongwa fremu na milango, na sakafuni mwa karakana patabaki vipande vifupi ambavyo mwisho wake ni jikoni.

Hivyo vifupi ndivyo anavyovihitaji mtengeneza kalamu. Kipande cha kalamu ya kawaida hukatwa mraba wa milimita 19 kwa urefu wa milimita 130 hivi. Pande la mninga la inchi 4 kwa 2, lenye urefu huo huo wa kiganja na ushee, linatoa vipande 8 hata baada ya kuhesabu upana unaoliwa na msumeno. Kalamu 8 kutoka kwenye kitu kilichokuwa kikisubiri kuchemsha maharage!

Mkoa huu unajua gharama ya kukata miti ovyo. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vya Kondoa vilivyokuwa vimechimbwa na makorongo. Fundi wa kalamu hana sababu hata moja ya kuangusha mti mbichi. Asiuangushe.

Mbao ya kuanzia iwe mninga. Ni mbao ya misitu ya miombo, ina rangi ya kahawia yenye michirizi myekundu, haina ugumu wa kuchosha biti, na sifa yake kubwa ni kwamba husinyaa kidogo sana inapokauka. Mbao isiyosinyaa ni mbao isiyopasuka juu ya mrija. Anayetaka uso wenye mvuto zaidi ajaribu mjohoro, mti ulioletwa kutoka Asia ukapandwa kwa wingi sehemu kavu za Tanzania kwa ajili ya kuni na kivuli. Watu wengi hawajawahi kuutazama kama mbao. Ukipasuliwa, kiini chake kina mistari myembamba ya kahawia nzito na ya manjano, na mistari hiyo hubadilika sura kulingana na pembe ya msumeno. Na kwa kuwa Dodoma ni nchi ya zabibu, shina nene la mzabibu uliong'olewa nalo linafaa, ila lina nyufa nyingi za ndani. Lipasuliwe na kukaguliwa kwanza, na asishangae fundi akipata kipande kizima kimoja tu.

Kisha kuna mpingo. Kila anayesikia habari za kalamu za mbao huuliza mpingo kwanza, na ni haki yake kuuliza. Kiini chake ni cheusi, kinang'aa bila rangi ya dukani, na uzito wake unapita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, kiasi kwamba kikitumbukizwa majini kinazama. Klarineti na zumari za Ulaya hutengenezwa kwa mbao hii. Lakini mti huu hukua taratibu mno, miaka 70 na zaidi hadi kufaa kuvunwa, na mara nyingi shina lake huwa limepindapinda au lina uwazi ndani. Sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo inayokidhi masharti ya watengenezaji wa ala za muziki. Kalamu haihitaji gogo lililonyooka. Inataka kipande cha sentimita 13 kisicho na ufa. Kwa hiyo mabaki ya wachongaji wa vinyago na ya viwanda vya ala yanaitosha kabisa.

Uhusiano wa wakerezaji na mpingo una historia ya heshima. Mwaka 1996 mkerezaji wa Texas, James Harris, aliyekuwa akiitumia mbao hii katika kazi zake, aliungana na Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea kutoka Kibosho, Kilimanjaro, wakaanzisha mradi wa kuhifadhi na kupanda mpingo. Chuwa alifariki mwaka 2014, akiwa ameongoza shule na vikundi vya vijiji kuotesha miche kwa mamia ya maelfu. Huyo wa Texas alikuwa mtumiaji wa mbao aliyeona kwamba anadaiwa.

Sheria nazo zina la kusema. Tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yalilegeza masharti kwa bidhaa zilizokamilika, ilimradi mbao iliyomo isizidi kilo 10 kwa shehena. Kipande ghafi hakimo katika nafuu hiyo. Kipande kimoja cha mpingo cha kalamu kina uzito wa gramu 56 hivi kabla ya kukerezwa, na kalamu iliyokwisha ina mbao chache mno. Maana yake iko wazi: anayekamilisha kalamu hapa hapa Dodoma yuko katika nafasi bora kuliko anayeuza vipande nje, mbali na fedha inayobaki nyumbani. Ndani ya nchi, mbao ya asili isiyo na hati halali ya kusafirishia isinunuliwe, hata kama ni mabaki.

Sasa ile hatari: hewa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake huanza Desemba na kuishia Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu yenye upepo. Mbao hupumua. Hunywa unyevu kutoka hewani na kuurudisha hadi ilingane na mahali ilipo. Mpingo uliokaa Kilwa au Lindi ukaitwa mkavu, ukifika Nzuguni mwezi Julai utaanza kukauka upya. Ukikerezwa juma hilo hilo, ukuta wa mbao unaobaki juu ya mrija, ambao karibu na viungio haufiki hata milimita 1, utataka kusinyaa huku shaba ikigoma. Lazima kimoja kiachie, na kinachoachia ni mbao. Ufa utatokea Agosti, kalamu ikiwa imepangwa mezani kwenye maonyesho ya Nanenane.

Dawa yake ni subira na mizani ya jikoni. Vipande vikikatwa, ncha zake zipakwe nta iliyoyeyushwa, kwa sababu unyevu hutoka kwa kasi zaidi nchani na huko ndiko nyufa zinakoanzia. Vipangwe kivulini, hewa ikipita katikati yake, kamwe si juani. Kila kimoja kiandikwe uzito kwa penseli na kupimwa tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kipande kimekubaliana na hewa ya Dodoma. Mninga hufika hapo mapema; mpingo unaweza kudai miezi mingi, na haubembelezeki.

Kutoboa si kazi ngeni kwa mafundi wa nchi hizi. Waunda majahazi wa pwani walitumia keekee, inayozungushwa kwa uta na kamba, kutoboa mbao kabla ya kila msumari ili isipasuke. Walijua kwamba mbao ngumu haivumilii kusukumwa. Mashine ya umeme ya kutobolea inabadilisha kasi, lakini kanuni hiyo inabaki pale pale.

Kabla ya kukata kipande katika nusu mbili, mstari uchorwe ubavuni ukivuka pale msumeno utakapopita. Kila nusu iwe ndefu kuliko mrija wake kwa milimita 3 au 4. Kisha kila nusu itobolewe kuanzia upande uliokuwa katikati ya kipande, kuelekea nje. Sababu ni hii: biti huingia pale ilipoelekezwa, lakini inapotoka huwa imeshakengeuka kidogo. Matundu yakiingilia katikati, nyuzi za nusu mbili zitakutana vizuri kalamu ikiunganishwa, na kukengeuka kote kutabaki kwenye ncha za nje.

Wengi huhofia tundu lisilo katikati kabisa. Hofu hiyo imezidi kiasi, kwa kuwa kipande hukerezwa kikizunguka kwenye tundu lenyewe, na mbao ya pembeni yote huondolewa. Kosa lisilosameheka ni tundu pana au la umbo la yai, ambalo gundi haitalijaza, na tundu lililotokea ubavuni. Biti ya milimita 7 iwe kali na fupi, kwani biti ndefu hupinda. Kipande kibanwe wima kwenye jiliwa, si kushikwa kwa mkono. Mrija wa seti ngeni upimwe kwanza kwa tundu la majaribio kwenye kipande cha hovyo.

Biti ishuke sentimita 1 hivi, ipandishwe, iteme vumbi, ishuke tena. Vumbi likijazana ndani, joto hupanda, na kwenye mpingo joto hilo huleta nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni hadi kalamu ing'arishwe. Moshi ukitokea, kazi isimame. Mwisho wa safari pia una mtego wake: biti inapotokeza chini hubandua kibanzi. Kipande kikikalishwa juu ya ubao wa kutupa, kibanzi hakina pa kuruka. Vumbi la mpingo na la mninga huwasha ngozi na kusumbua kifua, hivyo barakoa ivaliwe tangu tundu la kwanza.

Vipande vikishatobolewa vilale usiku mzima. Mbao iliyopata joto hujirekebisha inapopoa, na tundu huweza kubana kidogo. Asubuhi mrija uingizwe mkavu, bila gundi. Ukipita kwa kusukumwa na kidole kimoja, kipande kiko tayari. Ukigoma, usigongwe nyundo, bali tundu lipitishwe biti mara moja zaidi. Toleo lijalo litaanza na gundi, na namna ya kufuta mafuta ya mpingo ili gundi hiyo ishike.