Je, Wajua? Jaji Asiyelazimika Kuwa Mwanasheria

Je, wajua kwamba huko Texas, Marekani, mtu anaweza kuwa jaji wa kaunti bila kusomea uanasheria? Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1876 inamtaka tu awe na ufahamu mzuri wa sheria. Huchaguliwa na wapigakura kwa miaka 4, na kazi yake kubwa ni kuongoza baraza la watu 5, yeye na makamishna 4, linalopitisha bajeti, kupanga viwango vya kodi ya majengo na ardhi na kusimamia barabara. Ajabu ni kuwa hata baraza hilo huitwa mahakama, ingawa shughuli zake ni za utawala.

Katika kaunti ndogo jaji huyu bado husikiliza kesi za mirathi na makosa madogo. Kwenye kaunti kubwa kesi nyingi zina majaji wengine. Lakini kimbunga kikija, yeye ndiye msimamizi wa dharura, na anaweza kuamuru watu wahame.

Texas ina kaunti 254. Harris, penye jiji la Houston, ina watu zaidi ya milioni 4. Loving ilihesabiwa watu 64 mwaka 2020. Kila moja ina jaji wake, na barazani kura yake ni moja tu, sawa na ya kamishna.